UZI: Mwite daktari wa mifugo kulungu wakiwa bado wazima

#1 Pori_Kimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wafugaji wa kulungu na wale wanaojipanga kuanza. Kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Mnyama wangu ameanza kukonda, nimpe dawa gani?" Ukifika kwenye swali hilo, mara nyingi umeshachelewa. Kulungu anaficha ugonjwa mpaka siku mbili tatu za mwisho. Ng'ombe akiumwa utamwona tu: anasusa chakula, anajitenga, maziwa yanakata. Kulungu bado ana damu ya porini, na porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Kwa hiyo atasimama na wenzake, atainua kichwa ukitokea, atakimbia na kundi. Kesho yake asubuhi unamkuta amelala ubavu.

Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya kazi ya daktari kwenye kundi la kulungu inafanyika wakati hakuna anayeumwa.

Tuwekane sawa kwanza kwenye jina. Kiswahili kinaita "kulungu" wanyama wengi. Mimi nazungumzia wale ambao dume anaota pembe zenye matawi, zinadondoka kila mwaka na kuota upya: kulungu mwekundu, falo, sika, wapiti na jamaa zao. Ufugaji wao wa kibiashara ulishika kasi Nyuzilandi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati watu walikuwa wakiwakamata porini kwa helikopta. Ukilinganisha na mbuzi au ng'ombe, ambao binadamu amekaa nao maelfu ya miaka, huyu ni mgeni kabisa zizini.

Sasa niwaambie kilichonifundisha.

Mwaka wangu wa pili nilipoteza ndama watano ndani ya siku tisa. Walikuwa na miezi mitano hivi, wametoka kuachishwa kunyonya. Wa kwanza nikasema ni baridi. Wa pili nikasema ni huzuni ya kutenganishwa na mama. Wote wawili niliwazika siku ile ile. Wa tatu ndipo nikampigia daktari, na swali lake la kwanza halikuwa dalili. Aliuliza, "Mzoga uko wapi?"

Alifika, akavaa glovu, akaniambia nishike mguu wa mbele niuvute juu. Akachukua mkasi akafungua koromeo taratibu, kuanzia kooni kushuka mpaka ndani ya mapafu. Kulikuwa na povu jeupe. Ndani ya povu kulikuwa na nyuzi nyembamba, nyeupe, zimesokotana, nyingine zikiwa bado zinajinyonga. Minyoo ya mapafu. Na ndama wangu hawakuwa wamekohoa hata mara moja, maana kulungu wengi hawakohoi kama ndama wa ng'ombe anavyokohoa kwa minyoo ya aina hii.

Nikamwambia, "Daktari, mbona niliwapa dawa ya minyoo? Na kinyesi nilipeleka maabara, wakasema mayai ni machache."

Akanieleza bila kunigombeza. Kwanza, nilikadiria uzito kwa macho. Pili, nilifuata kipimo cha ng'ombe, wakati mwili wa kulungu unaziondoa dawa nyingi za minyoo haraka kuliko mwili wa ng'ombe au kondoo, kwa hiyo kipimo kile kinaweza kuwa pungufu. Tatu, nilitumia ya kumwaga mgongoni, na kwenye mashamba mengi ya kulungu minyoo imeshaonyesha usugu kwa dawa za namna hiyo. Kuhusu maabara: mayai ya minyoo ya mapafu huanguliwa kabla kinyesi hakijatoka, kwa hiyo ukiomba kuhesabiwa mayai hutaona kitu. Unatakiwa uombe watafute viluwiluwi, ambacho ni kipimo kingine kabisa. Mimi sikujua, na karatasi ya maabara ilinituliza wakati ndama wanaisha.

Wawili wa mwisho walikufa tukiwa tumeshaanza tiba. Waliobaki walipona.

Tangu mwaka ule tuna utaratibu na daktari. Anakuja tukiwa na shughuli, bila kusubiri msiba. Mwaka wa kulungu unaongozwa na urefu wa mchana: siku zikianza kufupika madume wanavimba shingo na kunguruma, majike wanapandwa, wanabeba mimba ya siku 230 hivi, wanazaa mara nyingi ndama mmoja. Kwa hiyo ratiba yetu inafuata hapo. Anapita kabla ya kuachisha ndama, tunapanga chanjo na dawa ya minyoo kwa uzito wa mizani. Anapita kabla ya msimu wa kupandana, anawaangalia madume miguu, meno na hali ya mwili, kwa sababu dume hali chakula vizuri msimu ule na anaweza kutoka amepoteza zaidi ya robo hivi ya uzito wake. Akiingia kwenye baridi akiwa mifupa, hata daktari atafanya nini? Baadaye anarudi na ultrasaundi kupima mimba. Jike asiye na mimba tunamjua mapema, na wakiwa wengi tunaanza kuuliza kwa nini.

Msimu wa kuzaa hatumwiti isipokuwa kwa dharura. Ndama wa kulungu siku za kwanza anajificha kwenye majani, amejikunja, kimya kabisa. Ukimwona hivyo ukadhani ametelekezwa ukambeba, unaharibu mambo. Mama yuko karibu, anakusubiri uondoke. Kinachotupa jike anayeshindwa kuzaa mara nyingi ni unene, kwa hiyo daktari anaweka mkono kwenye kiuno na nyonga wiki nyingi kabla, tunarekebisha malisho mapema.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 MamaZizi

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi nina majike kumi na wanane na madume wawili. Shida yangu ni kwamba daktari tuliye naye ni wa ng'ombe na mbwa. Kulungu hajawahi kuwashika. Nimtafute mwingine wa mbali au niendelee naye?

---

#3 Pori_Kimya

Dada, endelea naye kama yuko tayari kujifunza na kumpigia mwenzake mwenye uzoefu. Daktari wa karibu anayefika ndani ya saa moja ana thamani kubwa kuliko bingwa anayefika keshokutwa. Lakini muandalie mazingira, maana hapo ndipo mimi nilikosea.

Mara ya kwanza daktari kuja kwangu zizi lilikuwa la waya, jua linawaka ndani, watu wako nje wanachungulia. Aliingia kama anavyoingia kwa ng'ombe, kwa sauti na kwa mikono juu. Sikumwonya, kosa lilikuwa langu. Jike mmoja alirudi nyuma, akakimbia ukuta kwa ukuta kwa dakika kumi hivi. Hatukuweza kumshika, tukamwachia. Siku ya pili alikuwa anatembea kama miguu ni ya mti, mkojo umekuwa rangi ya kahawa. Siku ya nne akafa.

Siku hizi zizi langu lina kuta za mbao zisizo na upenyo, juu kuliko kichwa cha mtu, na ndani kuna giza nusu. Gizani kulungu anatulia. Njia imepinda, haina kona ya kujibana. Wanaingia wachache wachache, na hakuna anayebaki peke yake, kwa sababu kulungu aliyetengwa na wenzake ndiye anayeruka. Kibanio kina pande laini zinazomshika mwili mzima. Mwite daktari wako aje siku ambayo hakuna kazi, atembee humo ndani, akuambie atasimama wapi na sindano. Wangu aliniomba nihamishe mlango mmoja, akanionyesha ni kwa nini. Alikuwa sahihi.

---

#4 Dkt_Malisho

Salaam wote. Mimi ni daktari wa mifugo, nahudumia mashamba mawili ya kulungu. Naunga mkono karibu yote, na niongeze machache.

Alichokiona mwanzisha uzi kwa yule jike ni misuli kuharibika kwa kukimbizwa na hofu. Misuli ikivunjika inamwaga sumu zake kwenye damu, figo zinazidiwa, ndiyo mkojo unakuwa mweusi. Mnyama anaweza kufa baada ya saa chache au hata baada ya wiki kadhaa. Tiba yake ni ngumu mno. Kinga yake ni utulivu, na kuchagua saa za baridi za siku. Nikifika shambani nikakuta wameshakimbizwa asubuhi nzima, naahirisha kazi. Wafugaji wengine wanakasirika, lakini afadhali nirudi kesho.

Pili, dawa. Dawa nyingi mnazoziona madukani hazijasajiliwa kwa kulungu. Daktari anaruhusiwa kuzitumia kwa utaratibu wa sheria ya nchi yake, akaamua kipimo na akaandika ni siku ngapi zipite kabla mnyama hajachinjwa. Mfugaji akinunua mwenyewe, hana mtu wa kumwambia hizo siku, na mabaki ya dawa yanamfuata mlaji. Hapo sina simile.

Tatu, sindano za kurusha kwa bunduki. Baadhi ya dawa za usingizi zinazotumika kwa wanyamapori, hasa etofini, tone dogo tu likiingia kwenye ngozi iliyochubuka au jichoni linaweza kuua mtu. Sindano ikipotea kwenye majani hakuna kuondoka mpaka ipatikane. Msiguse, mwiteni aliyeirusha. Na asifanye kazi hiyo peke yake.

Nne, kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kulungu anakipata vizuri sana na anaweza kumwambukiza binadamu. Tunanyoa manyoya shingoni, tunapima unene wa ngozi, tunachoma kiasi kidogo cha tyuberkulini (dawa ya kupimia, inayotokana na bakteria wa kifua kikuu) ndani ya ngozi, halafu baada ya saa 72 tunapima tena pale pale. Maana yake wanyama wanaingia zizini mara mbili ndani ya siku nne. Zizi baya linafanya wafugaji wakimbie kipimo hiki, na kundi lenye ugonjwa linauzwa bila mtu kujua. Ukinunua mnyama, omba historia ya vipimo kwa maandishi, na umweke mbali na kundi lako mpaka daktari wako aseme.

---

#5 Zao_la_Pembe

Mimi nimevutiwa na pembe changa, nasikia zina soko. Naweza kukata mwenyewe nikishafundishwa na jirani?

---

#6 Dkt_Malisho

Hapana, ndugu. Pembe changa ni kiungo hai. Ina mishipa ya damu na ya fahamu, na inakua kwa kasi, kwa wakubwa hufika karibu sentimita mbili kwa siku. Kuikata bila ganzi ni ukatili. Uingereza imepiga marufuku kuivuna kabisa. Nyuzilandi wanaruhusu, lakini anayekata ni daktari au mfugaji aliyefunzwa na kupewa cheti chini ya usimamizi wa daktari, kwa ganzi inayochomwa kuzunguka shina la pembe na kusubiri mpaka ishike. Uliza kwanza sheria ya nchi yako inasemaje.

Pembe iliyokauka ni habari nyingine. Ile ni mfupa mkavu, kuikata haiumi, na mara nyingi tunaikata kabla ya msimu wa kunguruma ili madume wasitoboane wala wasimtoboe mhudumu. Dume wa msimu ule, hata uliyemlea kwa chupa, usimpe mgongo. Hasa huyo wa chupa, maana hakuogopi.

---

#7 Mpaka_Mmoja

Samahani kama nauliza la kitoto. Jirani yangu ana kondoo, tumepakana uzio mmoja. Kondoo wake wazima kabisa, wanang'aa. Daktari ananiambia niache nafasi kati yetu. Anaogopa nini?

---

#8 Pori_Kimya

Si la kitoto hata kidogo. Anaogopa ugonjwa wa mifugo uitwao homa mbaya ya mafua (malignant catarrhal fever). Kondoo wanabeba kirusi chake maisha yao yote bila kuumwa, na nyumbu nao wana cha kwao. Kikiingia kwa kulungu, wa aina nyingi anapata homa kali, macho yanakuwa meupe, pua na mdomo vinatoka vidonda, au anakufa tu ghafla. Haina tiba. Falo wanaivumilia kuliko wengine, kulungu mwekundu hapana. Sikiliza daktari wako: acha nafasi, usichangie maji wala malisho, na vifaa visivuke mpaka bila kuoshwa.

---

#9 MamaZizi

Wakuu narudi. Jambo limenifika kweli. Jana nimeona majike wawili, wa miaka miwili, wanayumba nyuma. Mmoja akisimama kwa muda anakaa matako chini kama mbwa. Wanakula vizuri, hawana homa. Mtu mmoja ameniambia ni upungufu wa shaba, niwachome wote leo. Nina dawa ya shaba ya ng'ombe hapa mkononi.

---

#10 Dkt_Malisho

Dada, weka chini hiyo dawa.

Inaweza kuwa shaba kweli. Upungufu wake unaharibu ala (maganda) za mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo, na kwa kulungu unaonekana kwa wakubwa na waliokaribia ukubwa, si kwa watoto kama kwa kondoo. Lakini shaba ikizidi inaharibu ini na inaua. Tena kuyumba nyuma kunaletwa na mambo mengi: jeraha, jipu kwenye uti, minyoo inayopita kwenye ubongo. Na ipo ile ya prioni (protini iliyopinda vibaya na inayoambukiza), ugonjwa wa kukonda wa kulungu, uliogunduliwa kwa mara ya kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967, na ukaonekana Norwe kwa paa wa theluji (reindeer) mwaka 2016. Huo hauna chanjo wala tiba, prioni zake zinakaa kwenye udongo miaka mingi, na nchi nyingi zinautaka uripotiwe mara moja. Dalili zake kuu ni kukonda na kubadilika tabia kwa mnyama mkubwa, na wako wanakula vizuri, kwa hiyo usipoteze usingizi. Ila hakuna wa kuamua hilo kwa macho.

Mwite daktari leo. Amwangalie yule anayekaa chini. Kama hana matumaini, amlaze kwa huruma (amuue bila maumivu), halafu achukue ini, ubongo na kipande cha uti wa mgongo kwa maabara. Achukue na damu za wenzake wachache. Mwambie pia kuhusu malisho na maji, maana chuma, molibdeni na salfa zikizidi zinaizuia shaba isifyonzwe hata kama ipo kwenye majani.

---

#11 Pori_Kimya

Na usimzike, dada. Najua inauma. Mfunike, muweke kivulini, mpaka daktari afike. Ila kama kuna anayekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma, huyo asifunguliwe na mtu yeyote. Inaweza kuwa kimeta. Daktari anaanza na tone la damu kwenye kioo.

Vaa glovu pia. Mkojo wa kulungu unaweza kuwa na leptospira, bakteria ambao wanalaza watu hospitali.

---

#12 MamaZizi

MREJESHO.

Daktari alikuja jioni ile ile. Nilifanya kama mlivyosema, niliwaingiza sita pamoja, mlango nimefunga, taa nimezima. Walisimama kimya. Alimchunguza yule wa kukaa chini kwa muda mrefu, akambana ngozi katikati ya kwato za nyuma, akamshika mkia, akaniambia miguu ya nyuma haipati tena habari kutoka juu. Tukamlaza palepale, mkono wangu uko shingoni mwake. Nimelia, siwafichi.

Majibu yametoka leo. Shaba kwenye ini ilikuwa chini sana, na uti wa mgongo umeonyesha ala zimekufa. Prioni hakuna. Damu za wengine watano, watatu wako chini. Daktari amesema yule wa pili anayeyumba hatarudi kama zamani, kilichokufa kwenye mishipa hakioti tena, lakini kwa kuwa anatembea na kula tutamwangalia wiki kwa wiki. Wote waliobaki wamepimwa kwa mizani, wakapewa vidonge vya waya laini wa oksidi ya shaba kwa uzito wa kila mmoja. Kumbe ile dawa ya ng'ombe niliyokuwa nayo ningewapa kwa kukadiria, na wadogo wangepata karibu mara mbili.

Maji ya kisima nayo yamepelekwa kupimwa, anahisi chuma ni nyingi. Tumekubaliana kila tutakapochinja, kipande cha ini kinaenda maabara na namba ya hereni imeandikwa juu yake. Na ameniomba jambo ambalo sikutegemea: anataka kuja siku moja ambayo hakuna kazi, atembee tu humo zizini. Nimemwambia Alhamisi.

---

#13 Pori_Kimya

Pole sana dada, na hongera kwa kuzuia mkono wako usichome ile dawa. Majibu ya maji yakitoka tuwekee hapa. Mimi pia nina kisima na sijawahi kukipima.